Manus Wawili wa Meenabrack

Msiba ukitokea Meenabrack, Nuala Boyle ndiye hutangulia kufika na mkate wake wa zabibu. Kitongoji kizima ni akina Boyle, kwa hiyo kila mtu huitwa kwa jina la baba yake: mume wa Nuala ni Manus wa Condy, na wa jirani yake Sorcha ni Manus wa Dan. Padri mgeni, na haraka zake, hakuuliza Manus wa nani. Alimwendea Sorcha, akamwambia Manus Boyle kapinduka na trekta, amefariki.

"Lia, dada, lia tu," Nuala alikuwa akimbembeleza, birika mkononi, mlango ulipofunguliwa.

Manus wa Dan aliingia na matope yake. "Mnamlilia nani?"

Sorcha alimgeukia Nuala, akampokea lile birika.

"Keti, dada yangu."