Fundo la Kumi

Harufu ya gome la myombo lililolowekwa majini hunikausha koo mpaka leo. Wengine wakiinusa hukumbuka mizinga na asali, maana Tabora asali ni furaha ya kila nyumba. Mimi hukumbuka kamba nyembamba aliyonisokotea Babu nilipokuwa na miaka minane, na mafundo kumi na sita niliyoyafunga mchana mmoja wa kiangazi.

Baba alikuwa karani katika ghala la reli. Aliianza kazi akiwa kijana mdogo, zamani za Mjerumani, akaendelea na Mwingereza, na kichwani mwake aliwabeba wote wawili. "Maili tano, kilomita nane," alituimbia tukila, tukioga, tukienda sokoni. Kutoka kwetu hadi sokoni ilikuwa maili moja. "Lakini usiende na Mjerumani," alisema, "utachoka bure. Kwake ni kilomita moja na nusu na ushee." Mama alicheka kila mara kana kwamba anausikia utani huo kwa mara ya kwanza. Babu hakucheka. Ujanani alikuwa mpagazi, alibeba pembe hadi pwani akarudi na majora ya nguo, na kwake hesabu zote hizo zilikuwa upepo. "Njia haina urefu," alisema. "Ina maji, au haina."

Mwaka huo mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa anaoa kijijini kwake, mwendo wa siku mbili kwa njia ya zamani ya misafara. Alimtuma mtu atuambie hivi: mkivuka daraja la magogo, hesabuni kumi na sita, mkono wa kushoto, ndani kidogo ya pori, kuna kisima, laleni hapo. Baba aliridhika. Njia ile ilikuwa imepandwa nguzo mpya nyeupe, moja kila maili. Akanipa kazi: kila nguzo, fundo moja.

Tulivuka daraja jua halijachomoza. Baba alitangulia, Mama akamfuata na mdogo wangu mgongoni, na Babu alikuja nyuma kabisa, hatua hamsini au zaidi. Kwetu baba mkwe hamkaribii mke wa mwanawe, wala hataji shida zake mbele yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa mjumbe. Nilikimbia mbele na nyuma siku nzima nikibeba maneno.

Pori lile halikuwa na watu. Serikali iliwahamisha kwa sababu ya malale, wakabaki mbung'o kuwa wenyeji. Tulipita kuta zisizo na paa, na kinu kilicholala ubavu, na kimya cha mahali pasipo jogoo. Baada ya fundo la nne tulikuta lundo la vijiti vikavu kando ya njia. Babu alivunja kijiti, akakitupa juu yake, akanivunjia na mimi changu.

"Nani yumo?"

"Mwenzetu. Alishindwa kutembea."

"Mkamwacha?"

"Mzigo haumsubiri mgonjwa, mke wangu." Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa babu na mjukuu. Siku hiyo hakutabasamu.

Nilipokaza fundo la kumi, Babu alisimama. Nyuki walikuwa wakipita chini chini, mmoja baada ya mwingine, wote kuelekea kushoto.

"Mwambie baba yako hapa pana maji."

Nilikimbia. Baba alicheka bila kusimama. "Mwambie mzee nyuki hawajasoma. Bado sita."

"Bado sita, mume wangu," nilimwambia Babu. "Wewe hata nguzo huzijui!"

Midomo yake ilikuwa na weupe kama wa unga. "Basi mwambie una kiu wewe," akasema taratibu. "Wewe atakusikia."

Sikuwa na kiu. Kibuyu cha Babu nilikuwa nimekimaliza mimi, kwani kila aliponipa alisema yeye ameshakunywa. Isitoshe, niliyataka mafundo yangu kumi na sita. Nilikimbia hadi kwa Baba, nikatembea kando yake kimya, kisha nikarudi.

"Amesema twende," nikasema.

Kwenye nguzo ya kumi na sita palikuwa na nguzo tu. Baba aliingia porini kushoto, tukasikia matawi yakivunjika, yakivunjika mbali zaidi, kisha akatokea na mikwaruzo usoni. Alimwuliza Mama kwa sauti nisiyoijua, "Kaka yako alijifunza wapi kuhesabu njia?"

"Kwa Mjerumani. Si alikuwa akimpasulia mawe ya barabara?"

Midomo ya Baba ilicheza bila sauti. Maili tano, kilomita nane. Kumi, kumi na sita. Alichukua kamba mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba juu yake, kikasimama kwenye fundo la kumi.

Babu alifika akiburuta fimbo, akaketi mbali. Baba alimwendea, akainama ili ambebe.

"Ukinibeba mimi, mtoto atabebwa na nani? Mama yake anayumba, huoni?" Kisha akanigeukia. "Mwambie mama yako wampeleke mtoto majini. Mimi naja nyuma."

Ujumbe huo niliufikisha, neno kwa neno.

Kisima kilikuwa hatua arobaini kutoka nguzo ya kumi, nyuki wamejaa ukingoni. Tulikunywa. Baba alijaza vibuyu viwili na kurudi mbio, jua likishuka. Alfajiri tulivisikia vibuyu kabla ya kumwona yeye: maji yalikuwa yakipiga ndani kwa sauti nzito ya kibuyu ambacho hakijanywewa. Kwapani alikuwa na fimbo ya Babu.

Tulirudi wote kumzika, na kila mmoja alivunja kijiti chake.

Baba hakuimba tena hesabu zake. Akitajiwa umbali wowote, hata wa kwenda Kitete tu, hapo hapo mjini, aliuliza kwanza, "Hesabu za nani?"

Miaka mingi nilidhani kosa langu lilikuwa kuficha ujumbe wa mtoto mwenye kiu. Ni baada ya kuolewa, siku moja nikiwa njiani na baba mkwe wangu akikohoa nyuma yangu, mbali, bila kuomba chochote, ndipo nilipoelewa kiu ile ilikuwa ya nani. Sikumwambia Baba. Alikufa akiamini kwamba tulikosea hesabu.