Kisima cha Utani Nilichokichimba kwa Chaki

Naona aibu kuusimulia mkasa huu, lakini kwa kuwa Newala nzima wanaujua, na Masasi ulishuka na basi la asubuhi kesho yake, bora niuseme mwenyewe kabla hamjausikia ukiwa umetiwa chumvi (ingawa chumvi yenyewe sidhani kama itapata pa kukaa).

Ilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye mshahara anafungua kiduka. Mimi, mwalimu kutoka Bukoba, nikafungua changu karibu na soko la Newala, sabuni, viberiti na mafuta ya taa, na ili nisifanane na wenzangu nikatundika ubao mlangoni, kila asubuhi naandika "Je, wajua?" na chini yake jambo moja la lugha, historia au mila (chaki ilitoka wapi, tuyaache hayo). Siku niliyoandika kwamba mkorosho si mti wa hapa, uliletwa na Wareno, wazee walibishana mpaka adhuhuri. Watu walikuja kusoma, wengine hata kununua.

Miongoni mwa wasomaji alikuwamo Asteria, fundi cherehani, ambaye nilikwisha kumpelekea barua ya posa. Namaanisha kwa mjomba wake mkubwa, maana kule mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake. Mzee alikuwa bado hajajibu, na mimi usingizi ulikuwa haunijii.

Sasa asubuhi moja kichwa kikawa kitupu. Gazeti siku nne halijapanda kwa sababu ya matope, watu wamekwisha kusimama mbele ya ubao wananitazama, na Mhaya kusema sijui ni jambo gumu. Nikaandika: "Je, wajua? Wahaya na Wamakonde ni watani tangu zamani. Waligombea kisima safarini, wakapatana." Safari ipi, kisima kipi, msiniulize.

Walifurahi mno. Kabla ya saa sita bibi mmoja alichukua mche wa sabuni akaniambia asante mtani, mwingine akaondoka na kigoda changu, na jirani yangu akambeba jogoo wangu huku namwona, nami nacheka tu, kwa sababu mtani hanuni. Siku ya tatu nilikuwa nauamini uongo wangu kuliko wao.

Ndipo mjomba mkubwa akafariki, na barua yangu hajaijibu.

Nilihuzunika kweli, lakini pia nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba mimi si mgeni. Niliwahi kuona Masasi, kwenye mazishi, mama mmoja mtani wa wafiwa akiingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe kitu, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Basi kaburi likiwa tayari, jeneza limewekwa kando, katekista anafungua kitabu, nikaruka ndani na viatu vyangu, nikalala chali, nikakunja mikono kifuani, nikatangaza kwamba sitoki mpaka nipewe jogoo.

Ukiwa chini kule unaona nyuso zimekuzunguka na kipande cha mbingu katikati, na hakuna uso hata mmoja unaocheka. Nikakohoa. Nikasema hata kifaranga kingetosha.

Mzee Daudi, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye aliyebaki na kauli juu ya Asteria, akachuchumaa ukingoni.

"Mwalimu, umelala humo kama mkwe au kama mtani?"

Nikapiga hesabu haraka. Mkwe aliyelala katika kaburi la mjomba amejimaliza. Nikamjibu, "Kama mtani, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi na ile barua ya posa ilikuwa ya mtani. Tumeshacheka, imekwisha."

Nilisimama kwa kasi mpaka mchanga ukaniingia mdomoni. "Barua ni ya kweli, mzee! Utani ndio nilioutunga!"

Katekista akafunga kitabu. Sauti moja nyuma ikauliza na kisima je, nikasema hakuna kisima. Jirani yangu akasema kwa masikitiko kwamba jogoo ameshaliwa.

Walinivuta kwa kamba za kushushia jeneza, nami nikaomba radhi mbele ya wote. Mzee Daudi akaamua kwamba aliyewapa watu kisima cha uongo awaletee maji ya kweli, ndoo kwa ndoo kutoka bondeni mpaka arobaini ipite, ndipo barua isomwe upya. Asteria hakunitazama, na hilo liliniuma kuliko kaburi. Kesho yake nilikuta ubao umekwisha kuandikwa, kwa mwandiko wake: "Je, wajua? Mwalimu anaanza kuchota leo."

Nilichota. Kile kilima nakijua jiwe kwa jiwe. Arobaini ilipopita barua ikasomwa, na Asteria akasema ndiyo (alisema mtu aliyepanda na ndoo siku zote hizo bila kutafuta visingizio anaweza kufundishika).

Tangu hapo nimeapa: nisilolijua siliandiki, na mazishini nasimama mbali, karibu na mapipa ya maji. Lakini mama mkwe mpaka leo nikimwamkia shikamoo huitikia marahaba kwa heshima zote, halafu huniuliza taratibu kama kile kisima kimeshapatikana, maana huku juu maji bado ni shida.