Siku Tuliyochekecha Vumbi

Wifi yangu ni mtu wa kufuta majani. Msicheke. Kabla jua halijapanda yuko shambani na ndoo na kitambaa, anafuta miche ya hoho jani kwa jani, juu na chini, kama mama anayempangusa mtoto kamasi. Ng'ambo ya barabara kuna kiwanda cha saruji, na dohani yake tunaiita Babu kwa kuwa haiachi kuvuta. Vumbi la Babu likitua kwenye jani lenye umande, jua likiwaka linaganda, linakuwa plasta. Jani halipumui, ua linadondoka kabla ya kufunga tunda.

Mwanzoni alidhani ni ugonjwa. Muuza dawa za kilimo naye hakumkatalia: alimuuzia ya ukungu, akamuuzia ya wadudu, akamuuzia na ya kutia nguvu. Kufa kufaana. Shamba lililokuwa likijaza kreti nane kwa wiki likashuka hadi tatu, na hizo tatu wachuuzi sokoni walizisugua kwa kidole gumba, wakasema, "Hizi za kwa Babu," kisha wakazitaka kwa nusu bei. Kuuza shamba lenyewe? Ndilo pekee aliloachiwa na marehemu kaka yangu, na shamba lililo chini ya dohani nani atalinunua? Mimi mwenyewe nisingelichukua hata kwa bure.

Mwaka huu milango miwili ilifunguka kwa wiki moja, nami nikashangilia kama mjinga. Mpishi mkuu wa chuo alikuwa anatafuta mtu wa kumpelekea kreti tano za hoho kila wiki, mwaka mzima. Angekuja Jumatano kuangalia shamba, na hakutaka kusikia habari za vumbi. Alhamisi angekuja mkaguzi wa fidia, baada ya wifi kulalamika miaka miwili, na huyu alitaka kuliona hilo vumbi kwa macho yake. Wifi alishapanga kila kitu kichwani: fidia ingemkodishia shamba jipya mbali na Babu, na chuo kingenunua mavuno ya huko.

"Wifi, mmoja anataka bibi harusi, mwingine anataka mgonjwa," nilimwambia. "Na mwanamke ni huyo huyo."

"Jumatano tunafuta. Usiku Babu atamwaga kama kawaida yake, na huyo wa Alhamisi atakuta plasta. Wewe shika kitambaa, acha maneno."

Mshika mbili moja humponyoka. Nilikuwa nalijua hilo, lakini wifi akishaamua humgeuzi.

Tulifuta siku mbili, migongo ikakatika. Mpishi alipofika shamba lilikuwa linang'aa. Akatazama upande wa kiwanda.

"Vumbi haliwasumbui?"

"Vumbi gani?" wifi akajibu, mkavu wa macho. Akatia sahihi kwenye mkataba kwamba shamba lake ni safi na kreti tano zitatoka kila wiki.

Jioni ile Babu akazima. Miaka saba sijawahi kuiona ile dohani bila moshi. Kumbe na wao kiwandani walijua mkaguzi anakuja. Asubuhi tulikuta majani safi kama yalivyolala, na ilipofika saa tatu umande ulikuwa umeshakauka na hakuna kitu kilichoanguka.

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Tulipanda paani, tukafagia vumbi la miezi mingi kwenye mabati, tukalichekecha kwa chekeche la unga juu ya miche ile ile iliyotuua migongo. Tulikuwa tunacheka, Mungu atusamehe. "Leo wanapakwa poda," wifi alisema.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Alipitisha kidole kwenye jani, vumbi likatoka lote. Akajaribu la pili, la tatu. Akageuza jani akaangalia chini yake.

"Mama, hili limemwagwa leo. Vumbi la saruji likikaa linaganda."

"Ni la kwao," wifi akasema. "Nimelitoa juu ya bati langu."

"Naamini. Lakini hapa umelitia mwenyewe."

Hakupandisha hata sauti. Angetutukana ningepata nafuu. Aliandika kwamba madhara hayakuthibitika na kwamba mlalamikaji alijaribu kudanganya, akamsomea neno kwa neno. Wifi alisimama tu, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa Babu akaanza tena kuvuta.

Siku hizi tunafuta wawili, mimi na yeye. Kufuta kunaokoa jani, hakurudishi ua lililodondoka. Chuo kilipelekewa kreti tatu, wiki iliyofuata tatu tena. Kulalamika upya hawezi, jina lake limeshachafuka. Kumwambia mpishi ukweli hawezi, sahihi yake ipo. Nilimshauri aachane na mkataba.

"Nikiacha, nimuuzie nani, wifi?" aliniuliza, akachovya kitambaa chake kwenye ndoo.

Jana mpishi alipiga simu, nami nikiwa karibu na ndoo yangu. Aliuliza kwa wema kabisa: mbona kreti hazitimii, kuna tatizo gani huko? Wifi yangu, mtu ambaye majirani wote hapa wamejifunza kwake kupanda hoho, aliinua macho akautazama ule moshi.

"Hakuna tatizo, kaka," alisema. "Ni mimi tu. Sijui kulima."