Mabati ya Duara

Mvua ikipiga bati la nyumba yangu hapa Nkende, wapangaji huongeza sauti ya redio. Mimi huzima yangu. Nimeishia darasa la tatu, na nyumba hii nimeijenga mwenyewe, lakini sauti hiyo mara ya kwanza niliisikia juu ya shimo, si juu ya binadamu. Hadi leo inanikera.

Baba na mdogo wake, Marwa, walichimba duara, shimo la dhahabu, nyuma ya kilima. Mdomo wake waliushikiza kwa matimba, magogo ya mti mgumu, wakaujengea banda, wakaliezeka kwa mabati mapya. Kibanda cha kamba na nyundo, bati pia! Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi kuukuu, harufu ya panya, mvua ikinyesha tunahama kona kwa kona kama kuku. Mama akilalamika, Baba anajibu, "Matimba yakilowa yanaoza. Watoto wakilowa wanakauka."

Halafu kulikuwa na mwiko. Mwanamke akisogelea mdomo wa duara, dhahabu inakimbia. Nikipeleka ugali niliuacha kwenye jiwe la mbali, nikaita, nikageuka.

Masika yale mdogo wetu mchanga akaanza kukohoa. Asubuhi moja Mama alimkuta amelowa mpaka utosini. Alimfunga mgongoni, akapanda kilima, mimi nyuma, akalipita lile jiwe. Akaketi juu ya matimba, miguu inaning'inia shimoni.

Baba mdogo alipiga yowe kama kaona chui. "Shemeji, umetumaliza!"

"Bado. Nikirudi mikono mitupu, kesho nakuja na wanawake wa kijiji kizima."

"Mama Bhoke," Baba akasema polepole, "unajua unachofanya?"

"Najua. Teremsha mabati."

Wakateremsha, wanasonya, wakaezeka nyumba yetu. Mtoto akapona. Duara wakalichimba wiki chache kwa moyo uliokufa, wakaliachia mbuzi.

Mimi nililia kwa hasira, nikiona Mama katupotezea utajiri kwa ubishi wake. Nilipokua nikabadilisha wimbo: nikawa najisifu kwa watu kwamba mama yangu alikuwa mjanja, hakuamini upuuzi wa wanaume. Siku moja, Mama kazeeka, nikamwambia hivyo usoni, nikitegemea acheke.

Akanisonya. "Kichwa chako kigumu, Bhoke. Niliamini kuliko baba yako kwamba dhahabu ingekimbia. Kama nisingeamini, ningekuwa nimewapa nini nyie?"