Kigari Chetu cha Mbao Bado Kinakimbia

Leo nimeshuka ule mteremko wa kwetu Subukia na kigari cha mbao. Na ndevu zangu zote.

Msicheke. Nimekipata nyuma ya boma la ng'ombe, kile kile chetu cha utotoni, na magurudumu yake ya beringi tulizookota kwa garage. Nikazipaka grisi, nikapanda juu.

Kasichana ka jirani kakaniuliza, "Boss, na breki iko wapi?"

"Breki ni kiatu. Kaa nyuma nikuonyeshe maisha."

Kabla hajakaa, mamake akapiga kelele kutoka kwa geti: "Shiko, rudi ndani! Na wewe mzee mzima, unataka kuniulia mtoto?"

Mzee mzima. Mimi!

Haya, nikashuka peke yangu. Kona ya posho mill nimeikata bila kugusa breki, vumbi mpaka kwa meno. Nikafika chini nikipiga nduru, nikageuka niwaone mkinishangilia.

Barabara tupu.

Otieno uko Nairobi, Kiprono uko Qatar. Mnakumbuka sheria yetu? Dereva hasukumi kupanda. Na kwa vile nilikuwa dereva mkali kuliko nyinyi, miaka yote hiyo sikuwahi kusukuma. Nyinyi mlisukuma, mimi nimekaa juu kama gavana.

Leo nimekisukuma mwenyewe mpaka nyumbani. Kumbe ni kizito hivi, na hamkuwahi kuniambia?

Krismasi mkija, nitasukuma mimi. Semeni tu nani atakuwa dereva.