Maneji ya Anselme na Saini Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha chuma, tupa moja, na kona ya meza yenye eto, lile koleo kubwa la kubana chuma kisicheze. Ilikuwa karakana ya kutengeneza maboti, ukingoni mwa mto, hapa Kisangani. Shefu wa karakana alikuwa mtu mfupi aliyevaa koti la bluu hata jua likiwaka. Aliniambia, "Toka mu hii chuma unifanyie kibe. Pande sita, zote sawasawa. Ukiisha, uniite."

Nilisugua siku tatu. Kila nilipomwita, alichukua ekeri, ile pembe ya chuma ya kupimia, akaiegemeza kwenye kibe changu na kukiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukipita kati ya chuma na ekeri, hata kama uzi, alikirudisha. Siku ya tatu jioni mwanga haukupita. "Bon," akasema, "sasa weye iko ajusteur." Ajusteur ni fundi anayefanya chuma kikae na chuma kingine bila kugombana. Siku ile niliamini kwamba Kisangani nzima hapana mtu mwenye vidole kama vyangu. Nasema mapema ili ninyi vijana mnaoanza kazi mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani.

Kwa Shefu yule nilijifunza mihimili ya maboti, na rulema, yaani pete mbili za chuma zenye gololi katikati, zinazofanya kitu kizito kizunguke kwa wepesi. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: "Pahali chuma moja inazunguka na ingine haizunguke, weka kidole yako hapo kabla ya kufunga mashini. Kidole ikiogopa, mashini iko na kosa." Yeye mwenyewe alikuwa na vidole tisa.

Baadaye nilitumwa Yahuma kutunza mashine za kukamua mawese, chini ya Msimamizi wa kinu, ambaye aliogopa kelele na alitoa amri zake akiwa nje ya uzio. Kule hakuna duka la vipuri. Kitu kikivunjika unakitengeneza, au kinu kinalala. Niliporudi mjini, karakana ya maboti ilikuwa haina tena maboti. Nikapata nafasi katika atelie iliyotengeneza madawati, milango na bembea za shule.

Mkuu wetu pale alikuwa Mama Direkta. Zamani alifundisha hesabu, na miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Hakujua kuchomelea, lakini mchoro aliusoma kama wengine wanavyosoma Injili, kwa kidole, mstari baada ya mstari. Alinipa kazi ya kontrola. Kila kitu kilichotoka atelie yetu kilipita mikononi mwangu. Nilikipima, nikaweka saini kwenye karatasi, ndipo kikaenda shuleni. Wenzangu waliniita Monsieur Gaspard. Mama Direkta pia aliniita Monsieur Gaspard.

Anselme alimwita "Anselme yangu."

Anselme alitoka kwa wavuvi wa maporomoko. Hakuwa na diploma. Kuchomelea alijifunza kwa kutazama. Alipima kwa shubiri ya mkono, na mara nyingi, jambo lililonikera kupita yote, shubiri yake ilikuwa sahihi. Alikuwa na kicheko kilichowafanya watu waache kazi ili wajue amecheka nini. Asubuhi wauza chikwange, ule mkate wa mihogo, walisimama kwanza mlangoni kwake. Mimi nilikuwa na chombo cha kupimia cha kutoka Ulaya, kwenye sanduku lenye kitambaa chekundu ndani, na hakuna aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Siku moja Mama Direkta alituita wote wawili.

"Shule iko moja pembeni ya Kapalata," alisema. "Wanaomba maneji ya watoto." Maneji ni bembea ya kuzunguka, jukwaa la duara ambalo watoto hukaa juu yake na kuzungushwa. "Lakini sitaki moteri. Kuranti, hii umeme ya Tshopo, munaijua, leo iko, kesho haiko. Tena sitaki mwalimu asukume. Nataka watoto wenyewe waizungushe, na wakubwa na wadogo. Kila mutu anichoree yake. Tutachagua."

Nilichora wiki tatu. Maneji yangu ilikuwa na viti sita, kila kiti na pedali, na cheni za baiskeli zilizokusanya nguvu zote kwenye gurudumu moja chini ya jukwaa. Kila kipimo kilikuwa na namba yake. Mke wangu, Véronique, aliutazama mchoro ule mezani akasema, "Papa, iko muzuri kama kanisa." Sikulala kwa furaha.

Anselme hakuchora. Alileta mfano uliotengenezwa kwa kopo la samaki na vijiti. Nguzo yake ilisimama bila kuzunguka, na kichwa chake kilipindwa pembeni kama kiwiko. Jukwaa lilizunguka kuizunguka nguzo hiyo. Kila kiti kilikuwa na mkono wa kushika, na kutoka kwenye mkono ule fito ndefu ilikwenda mpaka kwenye kile kiwiko. Mtoto anavuta, anasukuma, anavuta, anasukuma, na jukwaa linakwenda. "Ni kama kupiga kasia," alisema. "Mutoto wa huku, kabla hajajua kutembea muzuri, anajua hii."

Tulitengeneza zote mbili kwa majaribio, tukawaita watoto wa jirani. Kwenye ya kwangu, wakubwa walikanyaga mizunguko minne kisha cheni ikaruka. Wadogo miguu yao ilining'inia hewani. Msichana mdogo aliniuliza, "Papa, sisi tufanye nini?" Kwenye ya Anselme walipanda wanne, wadogo watupu, na kabla hajamaliza kuwaeleza, walikuwa wanazunguka wakipiga kelele. Mama Direkta alivaa miwani yake, akaivua, akaivaa tena. Halafu akapanda yeye mwenyewe, na sketi yake ya Jumapili, akavuta mkono kama mpiga kasia.

"Anselme yangu!" alipiga kelele akizunguka. "Anselme yangu!"

Vijana, wivu tunausema kama jambo la moyoni. Mimi niliusikia mdomoni. Siku zile chakula kilikuwa na ladha ya chuma. Nilipoosha mikono nilikuwa namsikia akicheka upande wa pili wa ukuta, na niliendelea kuosha mpaka sabuni ikaisha. Nilimwambia Véronique kwamba ile ni kazi ya kubahatisha. Akaniuliza, "Lakini inazunguka?"

Maneji ilipokamilika, Anselme alikuja kwangu mwenyewe. "Kaka Gaspard, jicho yako iko kali kupita yangu. Angalia muzuri, kabla ya Mama kuituma."

Nilipima kila kitu. Vipimo vilikuwa sawa. Kisha nikapiga magoti, nikaizungusha pole pole kwa mkono, nikiangalia fito zinavyokwenda na kurudi. Nyuma ya kila kiti fito ilipita katikati ya vyuma viwili. Nusu ya kwanza ya mzunguko, nafasi ilikuwa pana, ngumi inaingia. Nusu ya pili nafasi ile ilijifunga kama mkasi. Niliingiza kidole. Niliendelea kuzungusha mpaka chuma kikanigusa pande zote mbili, na kidole kikaogopa, nikakitoa.

Ilihitaji kifuniko cha bati tu. Kazi ya mchana mmoja.

Nilisimama. Anselme alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, ananitazama kwa uso ule wake ulio wazi. Mlangoni Mama Direkta alikuwa anamwambia mgeni kwamba maneji kama hii hapana nyingine katika Tshopo nzima.

"Iko bien," nikasema, yaani iko sawa. Nikatia saini.

Sitawaambia kwamba nilitaka mtoto aumie. Nilitaka irudi. Nilitaka fito igome, au mwalimu alalamike, na Mama Direkta aseme mbele ya watu, "Tungemusikiliza Monsieur Gaspard." Ndivyo nilivyojieleza. Lakini kidole changu kilikuwa kimejua, na mimi ni mwenye kidole.

Siku ya kumi na moja baada ya maneji kupelekwa, mkuu wa shule alikuja na pikipiki. Msichana wa miaka saba, jina lake Bénie, alikuwa amegeuka kumshika rafiki yake aliyekaa kiti cha nyuma. Ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia zilikwenda na fito.

Anselme aliketi chini kwenye unga wa chuma akalia kama watu wanavyolia msibani. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi nimekata mutoto."

Mama Direkta aligeuka kwangu. "Monsieur Gaspard, weye ulipima?"

"Nilipima, Mama. Vipimo vyote vilikuwa juste."

Ilikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema. Anselme aliacha kazi wiki ile, akarudi kwa ndugu zake kwenye maporomoko. Mimi nilikata bati, nikatengeneza vifuniko vinne, nikavifunga kwa skurubu. Mama Direkta aliviangalia akasema, "Merci, Monsieur Gaspard." Shule nyingine zikaanza kuomba. Nilitengeneza maneji ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zilikuwa na vifuniko vyangu na ufundi wa Anselme, na watoto wa kila shule walipoiona walisema, "Twende ku Anselme!" Sijui jina lilitembeaje. Nilibandika kibati chenye jina la atelie. Haikusaidia.

Miezi ilipita. Jumapili moja, baada ya misa, nilimwambia Véronique nakwenda kumwona mgonjwa. Nilinunua mkate na sukari, nikaenda kwa akina Bénie. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kuwa mtu wa kwanza kutoka atelie yetu kuingia nyumba ile.

Anselme alikuwa uani, anapara samaki. Bénie alikuwa amekaa kando yake, anashika samaki kwa mkia kwa mkono ule ule ulioumia, na alikuwa anacheka. Mama yake alinipa kiti. "Tonton Anselme anakuja kila yenga," alisema, yaani mjomba Anselme, kila Jumapili. "Siku ya kwanza nilimufukuza. Ya pili, nilimufukuza. Ya tatu nikachoka."

Na mimi, vijana, nikiwa na mkate wangu mapajani, nilimwonea wivu. Aliyepata lawama yangu alikuwa amepata na msamaha wangu pia. Nilikuwa nimechelewa hata kuwa mkosaji.

Nadhani ni hilo lililonifungua mdomo, wala sijisifu kwalo. Nilisema mbele ya wote. "Mama, ile kosa, mimi niliiona. Kabla ya mashini kutoka. Niliweka kidole yangu pale, nikaona, nikanyamaza."

Mama yake Bénie alimshika mtoto mkono, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Tulibaki wawili na samaki.

"Anselme," nikasema, "unaweza kunipiga."

Hakusimama. "Nilikuona," alisema. "Nilikuona ukiweka kidole. Miye pia ile nafasi ilinisumbua, sikuwa na hakika. Nikasema, Gaspard ameweka kidole na amesema iko bien. Donc iko bien."

Alirudi kupara samaki. Kisu kilikuwa kinakwenda kombo.

Kesho yake nilimwambia Mama Direkta. Alinisikiliza amesimama. Alichukua kitabu cha kontrola kutoka mezani kwangu, pamoja na kalamu. "Sitakufukuza," alisema, "maana nataka ubakie hapa, uone." Alimtuma mtu kwenye maporomoko mara tatu mpaka Anselme akakubali kurudi. Alimfanya shefu wa atelie. Miaka yangu yote iliyobaki nilifanya kazi chini yake. Nilitengeneza bawaba za milango, na vifuniko vya bati, mamia ya vifuniko. Anselme hakuwahi kunikumbusha. Aliposimama nyuma yangu kukagua kazi, aliweka kidole chake kila mahali mwenyewe, hata pale nilipokwisha kuweka changu. Hilo nililistahili, nalo lilikuwa linauma kila siku kama siku ya kwanza.

Familia ya Bénie sikuingia tena nyumbani kwao. Nilituma salamu, hazikurudi.

Siku ya kustaafu kwangu walipanga viti uani, wakaleta liboke, samaki waliopikwa ndani ya majani, na vinywaji. Mama Direkta, mzee sasa kuliko mimi, alikuja akishikwa mkono. Anselme alisema maneno machache. Alisema kwamba katika atelie ile hapakuwa na mtu aliyejua tupa kama mimi. Watu walipiga makofi. Nilitafuta katika sauti yake kitu cha kejeli ili nimchukie kidogo. Sikukipata, na hata hilo nilimwonea wivu.

Mnauliza kama wivu unastaafu pamoja na mtu. Chombo changu cha kupimia nimekiacha atelie, yeyote akitumie. Nikipita karibu na shule na kusikia fito zikienda na kurudi, bado nahesabu ni watoto wangapi wanaiita "Anselme." Ninachoweza kuwaambia ninyi mnaoanza ni jambo la kazi tu: mtu akikuomba jicho lako, mpe lote, hata kama unamchukia. Kumchukia utaendelea baadaye, nafasi ipo.

Sherehe ilipokuwa inaisha, msichana mrefu aliingia kwa lango, na daftari za chuo kwapani. Sikumtambua mpaka Anselme alipoinuka. Alimpa Anselme mkono, wakacheka jambo ambalo sikulisikia. Kisha akazunguka meza, akaja kwangu. Alinyoosha mkono wa kulia, nami nikaupokea, na kiganja changu kikavihisi vidole vyote vitano, vitatu virefu na viwili vifupi.

Aliushika mkono wangu kwa muda. Nilihesabu. Ulikuwa muda mfupi kuliko wa Anselme.