Gauni Lenye Nafasi ya Kukua

Wazazi wa mtaa ule humwita Fundi Nafasi, na hawamtanii. Anashona sare za shule tu, kwenye kibaraza cha nyumba yake, na kila anachoshona hukiachia kitambaa cha ziada ndani: pindo pana kwenye sketi, mishono iliyokunjwa mara mbili ubavuni, mikono ya shati iliyorudishwa ndani ili mtoto akirefuka iteremshwe. Mafundi wengine hukikata kitambaa hicho na kukitumia kwenye kazi nyingine. Yeye hukirudisha kwenye nguo, maana ni cha mzazi aliyekinunua. Mama mmoja mwenye watoto wanne aliwahi kumwambia, "Fundi, wewe ndiye unayeniweka mjini. Sketi yako mtoto anaivaa mpaka aolewe." Fundi alicheka pamoja na foleni nzima.

Wakati huo binti yake mwenyewe alikuwa ameshachumbiwa.

Ni mtoto wake wa mwisho na msichana pekee. Nyumbani wanamwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa akitambaa aliokota vifungo chini ya cherehani na kuvitia mdomoni, na mama yake akashinda kutwa akivitoa kwa kidole. Ana miaka kumi na mitano. Ni mrefu, akisimama na mama yake, mgeni hubabaika amwamkie nani. Urefu huo uliwarahisishia watu mambo.

Kwenye ukoo wa fundi wasichana hawakai sana nyumbani. Hakuna aliyewahi kuitisha kikao akalitangaza hilo kuwa sheria. Lilikuwa likitokea tu, kizazi baada ya kizazi, na aliyekuja nyuma alilikuta. Dada yake fundi, ambaye ni shangazi wa Kifungo na ndiye aliyeileta posa, hulitaja kama mtu anayetaja kazi yake ya kwanza. "Mimi niliingia kwangu na kumi na mitano," husema. "Nikafa? Si huyu hapa nakunywa chai yenu?"

Mchumba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa friji anayekaribia thelathini, hanywi, hana kelele, na akija kutengeneza kitu chako hufuta sakafu kabla ya kuondoka. Shangazi aliuambia upande wa bwana harusi kwamba binti ana miaka kumi na minane. Fundi alikuwepo umri huo ulipotajwa. Alikuwa akinyoosha kwa kiganja kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

Atakayesema kwamba hakumpenda mtoto wake atakuwa amekosea. Mifuko ya sare ya Kifungo aliitia bitana kwa ndani ili kalamu zisiitoboe. Siku za mvua aliacha kazi za watu akaenda kumngoja kwenye geti la shule na mwavuli, na kina baba wenzake wakamcheka. Aliamini, kama alivyoamini baba yake, kwamba msichana akipata mume mtulivu mapema ameepushwa na mengi, na angeweza kukutajia mabinti wa mtaani ambao hawakuepushwa. Mke wake alimuuliza mara moja tu, "Na shule?" Akamjibu kwamba bwana harusi amekubali asome huko huko. Bwana harusi hakuwa ameulizwa.

Harusi ilipokaribia, shangazi alitaka gauni likodishwe. Fundi akakataa.

"Mwanangu avae nguo iliyoingia jasho la wenzake? Nitashona mwenyewe."

"Wewe wa marinda na kaptula?"

"Mimi huyo huyo."

Hakuwa amewahi kushona gauni la harusi. Alinunua satini nyeupe na lesi, akaihamishia cherehani chumbani ili vumbi la barabarani lisiguse kitambaa, na kila alipoanza kazi alinawa mikono kwanza kama anayekwenda kula. Hakumpima binti. Vipimo vyake alikuwa navyo kichwani tangu darasa la kwanza. Aliongeza kidogo hapa na pale, akakata. Alishona pia shati la bwana harusi, la kubana kidogo kama wapendavyo vijana. Nyumba nzima ilimsikia akiimba juu ya cherehani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Siku ya kujaribu gauni, sebule ilijaa wanawake. Alikuwepo shangazi, mke wa fundi, jirani anayeuza mitumba, na mama wa bwana harusi, ambaye ana duka la saruji na mabati na amezoea kukagua mzigo kabla haujashushwa. Fundi alisimama kwenye mlango wa jikoni, futi ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi wa shati lake.

Kifungo alitoka chumbani. Gauni lilimkaa.

"Fundi, kumbe ulikuwa unatuficha," alisema jirani. "Ningepata mume mwingine, kesho ningekuletea kitambaa."

"Na huyu uliye naye unamweka wapi?" shangazi akamuuliza.

"Huyu nitamgeuza bitana."

Walikuwa bado wanacheka shangazi alipopiga magoti kutazama kama gauni liko sawa chini. Akashika pindo, akalibonyeza, akaligeuza. Lilikuwa pana kama kiganja. Akapandisha mkono ubavuni, akakuta mshono umekunjwa mara mbili. Akavuta mkono wa gauni, na wenyewe ulikuwa hivyo hivyo.

"Kaka," alisema, "hili ni gauni la harusi au sare? Umemwachia nafasi ya kukua."

Jirani alicheka. Shangazi naye alicheka, kabla hajasikia vizuri alichokuwa amekisema. Mama wa bwana harusi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaja mpaka katikati ya chumba, akaingiza vidole viwili kwenye mshono wa kifuani, ambako kitambaa kilikuwa kimelala mara mbili.

"Mzazi mwenzangu," alimwambia fundi, "mtu wa miaka kumi na minane anakua kwenda wapi?"

"Ni mazoea ya mkono tu. Kutwa nashona za watoto."

Yule mama hakuendelea na fundi. Akamgeukia msichana. "Mwanangu, una miaka mingapi?"

Kifungo alimtazama baba yake mara moja. Kisha akaweka mikono nyuma kama aliye mbele ya darasa. "Kumi na minane, mama."

Alisema kwa sauti safi, bila kubabaika, na fundi aliifahamu sauti hiyo. Kila kazi za watu zilipomzidi alijificha nyuma ya mlango, na Kifungo, akiwa bado hajang'oa meno ya utoto, ndiye aliyetoka kibarazani kuwaambia wateja kwamba baba ameenda kununua uzi. Aliyasema vizuri hata wateja wakamshika shavu. Fundi alikuwa akimpa pipi.

"Haya," alisema mama wa bwana harusi, na uso wake ukalegea. "Mwenyewe amesema." Akarudi kwenye kiti chake, akatafuta kikombe.

Jambo lilikuwa limekwisha. Fundi alitakiwa anyamaze tu, na kunyamaza alikuwa akikuweza tangu posa ilipoingia. Lakini alimwona mkewe ameinamisha kichwa, akamwona mtoto bado amesimama na mikono nyuma, akingoja kujua kama amejibu vizuri.

"Ana kumi na mitano," alisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. "Anasemaje?" jirani aliuliza, na fundi ikambidi aseme tena.

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti. "Kaka," alisema polepole, "umetuvua nguo mbele za watu."

Mama wa bwana harusi alichukua mkoba wake. "Mimi napewa Kifungo," alisema, "na mwanangu naye anakwenda kupewa kifungo chake." Jirani alibana mdomo kwa kiganja. Mlangoni yule mama aligeuka, na hakupaza sauti. "Na wewe, baba mzima. Umesimama hapo unasikiliza mtoto anasema uongo wako."

Wakaondoka, mmoja mmoja, kila mtu akitafuta viatu vyake bila kumtazama mwenzake. Kifungo alibaki katikati ya sebule na gauni lake, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia alivue.

Wageni walikuwa wameshaalikwa. Fundi alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kusema kwamba harusi haipo. Watu waliuliza kama kuna msiba, naye akajibu, "Hapana, ni mtoto." Alikuwa na maana yake. Wengine walielewa vingine, na kabla jua halijazama habari iliyozunguka ni kwamba bi harusi ana mimba. Kesho yake ikambidi azipitie tena nyumba zile zile, safari hii akitaja umri. Baadhi ya waliomfungulia walikuwa wazazi wa watoto anaowashonea. Hawakumsema kitu. Walimkaribisha ndani kwa adabu ambayo hakuwa ameizoea, naye akakataa kuingia.

Jioni hiyo alimkuta Kifungo uani akiosha vyombo, akavuta kigoda.

"Baba," alisema msichana, "lile gauni ulisahau?"

"Mkono umezoea."

"Shati la bwana harusi hukuliachia nafasi."

Ni kweli kwamba shati lile alilishona asubuhi moja, likatoka kwa kipimo chake kamili, kitambaa cha ziada kikaenda kwenye kikapu.

"Yule mama asingeniuliza, ungesema?"

Angeweza kumjibu ndiyo. "Sijui, mama," alisema.

Msichana alisuuza kikombe, akakifunika juu ya vingine. "Mimi ningekwenda," alisema. "Nilikuwa nimeshakubali. Siku zile unashona, ulikuwa na furaha."

Akaendelea kuosha. Fundi alibaki kwenye kigoda, akitazama maji ya povu yakitafuta njia kwenye saruji, mpaka mkewe alipomwita mtoto ndani.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, kazi ilijaa kibarazani. Miongoni mwa vitambaa vilivyopangwa kwenye rafu kulikuwa na cha Kifungo, na fundi alingoja aje kupimwa, kwa kuwa safari hii hakutaka kukisia. Hakuja. Mkewe alikichukua kitambaa kwenye rafu bila maelezo, akatoka na binti yake, wakarudi jioni mikono mitupu.

Siku ya kufungua, Kifungo alipita kibarazani na sketi mpya. "Shikamoo baba," alisema. "Marahaba," alijibu fundi. Rinda moja la nyuma lilikuwa limelala kinyume cha mengine, kosa la fundi mwenye haraka, na lilionekana kutoka mbali alivyokuwa akiteremka kuelekea barabarani.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri alimfuata kwa macho. "Si Kifungo wako yule? Kashona wapi ile?"

"Sokoni."

"Sokoni, na wewe upo hapa?"

"Hataki nimpime," alisema fundi, akamwita mtoto aliyefuata.